Seva Inapopanda Mlima Kwenda Rangwi

Gari linalotoka Mombo hupanda kilomita 33 za kona kali kupitia Soni kabla ya kuingia Lushoto mjini. Anayekwenda Rangwi hapo ndipo anaanza safari ya pili. Barabara inashika kaskazini kuelekea Magamba, inapita msituni, inatokea kwenye ngazi za mashamba ya kabichi, karoti na viazi, kisha inaendelea kupindapinda mabegani mwa milima ya Usambara. Watalii wanaotembea kwa miguu kutoka Lushoto hadi Mtae wanaijua Rangwi kwa nyumba ya masista ambako hulala njiani. Fundi wa kompyuta anaijua kwa jambo jingine: akishafika huko, kurudi mjini kufuata kebo moja au namba moja iliyosahaulika kunamla siku nzima.

Mfikirie fundi huyo. Seva ndogo kaifungia kwenye boksi pamoja na vipande vya sponji, kaipakata magotini njia nzima. Ameombwa aiweke shuleni ili wanafunzi wasome masomo yao bila kununua bando. Umeme upo, rauta yenye laini ya simu ipo, kompyuta sita zimepangwa ukutani. Anaanza kusakinisha programu, na mambo yanakwenda vizuri mpaka kioo kinapoleta visanduku vinne vitupu: anwani ya IP, sabneti maski, lango, seva ya DNS. Hakuna mfano wala maelezo. Kitufe cha kuendelea kimefifia, hakibonyezeki mpaka vyote vijazwe.

Mwalimu aliyesimama nyuma yake anauliza, "Fundi, hapo tunaandika nini?"

Swali hilo lilipaswa kujibiwa mapema zaidi, na mtu aliyeiandika programu akiwa Dar es Salaam, Arusha au Nairobi. Kila mwaka vijana wa Afrika Mashariki wanaandika mifumo ya shule, maduka ya dawa, vyama vya ushirika na zahanati, na mingi kati ya mifumo hiyo huishia kwenye seva inayokaa palepale penye watumiaji, kwa sababu intaneti ya milimani haitabiriki na bando lina gharama. Mtandao wa ndani wa jengo ndio unaobeba kazi yote. Seva isipopata anwani sahihi, mfumo mzima unakuwa boksi lenye taa.

Ushauri ufuatao unasimama juu ya nguzo moja. Jambo ambalo kompyuta inaweza kulijua yenyewe, mtu asiulizwe. Na lile ambalo hapana budi kuuliza, liulizwe kwa maneno anayoyaelewa, akiwa mahali ambapo jibu linapatikana.

Anwani ni kitu gani kwa mtu wa Rangwi

Mtanzania aliyeshuhudia operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, nyumba zikibandikwa namba na barabara zikiwekewa nguzo za majina, tayari anaelewa nusu ya somo la mitandao. Msimbo wa posta wa Tanzania una tarakimu tano: mbili za mwanzo zinataja mkoa, ya tatu inataja wilaya, mbili za mwisho zinataja kata. Mkoa wa Tanga unaanza na 21. Anayesoma msimbo huo anajua papo hapo kama barua inabaki mkoani au inasafiri.

Anwani ya IP ya toleo la nne, iliyowekwa rasmi mwaka 1981, inafanya kazi kwa mtindo huohuo. Ni biti 32 zinazoandikwa kama namba nne zenye nukta katikati. Sehemu ya mbele inataja mtaa, sehemu ya nyuma inataja nyumba. Sabneti maski ndiyo inayoeleza mtaa unaishia wapi na nyumba inaanzia wapi. Katika 192.168.0.50 yenye maski ya 255.255.255.0, namba tatu za mbele ni mtaa na 50 ni nyumba. Mtaa wa namna hiyo una nafasi ya nyumba 254. Lango ni njia ya kutokea mtaani kwenda nje, na kwa kawaida ni rauta yenyewe. DNS ni yule mzee anayejua kila jina la mtu na nyumba anayokaa.

Mwandishi wa programu akishaweza kuyasema haya kwa mistari mitano, aiweke mistari hiyo kwenye kisakinishi chake, pembeni ya visanduku. Watu wengi hukosea kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaeleza.

Kwanza kompyuta itafute yenyewe

Itifaki ya DHCP ilitangazwa mwaka 1993 na kuboreshwa mwaka 1997 kwa kazi hiyohiyo: mashine mpya inapochomekwa kwenye mtandao inapiga hodi, na rauta inaijibu kwa kuipa anwani, maski, lango na DNS kwa pamoja. Karibu kila rauta ndogo inayouzwa madukani inaifanya kazi hii tangu inapotolewa kwenye boksi. Kwa hiyo kisakinishi kinachoanza kwa kuuliza namba nne kinamsumbua mtu kwa habari ambazo zingepatikana kwa sekunde chache.

Kisakinishi cha Debian, mfumo endeshi wa bure unaotumika duniani kote, ni mfano mzuri wa mpangilio. Kinajaribu DHCP kwanza bila kumuuliza mtu. Kikishindwa, hakimfungii mlango: kinampa nafasi ya kujaribu tena, ya kujaza mwenyewe, au ya kuendelea bila kuweka mtandao kwa wakati huo. Chaguo hilo la mwisho linadharauliwa na waandishi wengi wa programu, wakati kwa Rangwi ndilo lenye thamani kuliko yote. Huenda kebo imeachwa Lushoto. Huenda rauta italetwa kesho. Usakinishaji unaokataa kuendelea kwa sababu mtandao haupo unamrudisha fundi mjini na kazi nusu.

Kushindwa kwa DHCP nako kuna alama yake, na alama hiyo isomwe kwa niaba ya mtumiaji. Kompyuta nyingi zikikosa jibu hujipa zenyewe anwani inayoanza na 169.254. Kisakinishi kikiiona, kisiionyeshe kana kwamba ni mafanikio. Kiseme wazi: "Kompyuta hii haijapata jibu kutoka kwenye rauta. Angalia kama kebo imeingia vizuri pande zote mbili na kama taa ya rauta inawaka, kisha bonyeza Jaribu Tena." Mwalimu asiyejua chochote kuhusu itifaki anaweza kuifuata sentensi hiyo.

Lipo jambo moja linaloitofautisha seva na kompyuta ya kawaida. Anwani inayotolewa na DHCP ni ya kuazima. Umeme ukikatika na kurudi, rauta inaweza kuipa seva namba nyingine, na kompyuta sita zilizozoea kufungua namba ya jana zikakuta mlango umehamishwa. Seva inahitaji anwani ya kudumu, lakini hilo halimaanishi kwamba mtu arudishwe kwenye visanduku vinne vitupu. Kisakinishi kiazime kwanza, kijifunze mtaa, maski, lango na DNS, kisha kipendekeze namba ya kudumu katika mtaa huohuo na kumwomba mtu athibitishe. Swali linabaki moja: "Seva hii itatumia 192.168.0.200 daima. Sawa?"

Kabla ya kupendekeza, kihakikishe namba hiyo haina mwenyewe. Njia imeandikwa tangu Julai 2008 katika waraka wa kanuni za intaneti uitwao RFC 5227: mashine inaita mtandaoni mara tatu, kwa kupishana sekunde moja hadi mbili, ikiuliza kama kuna anayeitumia namba inayotakiwa. Kimya kikitawala, namba ni huru kwa wakati huo. Kompyuta iliyozimwa haijibu, basi ni busara kuchagua namba iliyo mbali na zile ambazo rauta inazigawa, na kumkumbusha fundi aitengee seva namba hiyo ndani ya rauta pia.

Kinachosakinishwa mjini, kinachotumika mlimani

Kazi nyingi za vijijini haziendi kama vitabu vinavyodhani. Mara nyingi seva huandaliwa mjini, penye intaneti ya kupakulia mafaili makubwa, kisha hubebwa hadi kijijini ikiwa tayari. Mtandao wa ofisi ya mjini una mtaa wake na mtandao wa shule una wake. Anwani iliyowekwa kwa uangalifu Lushoto inakuwa haina maana Rangwi.

Hapo ndipo visakinishi vingi huanguka. Vinaichukulia anwani kama sehemu ya usakinishaji, vinaiandika ndani ya hifadhidata, ndani ya mafaili ya mipangilio, hata ndani ya viungo vya kurasa. Siku ya kuhama, fundi analazimika kuitafuta namba ya zamani mahali kumi na mbili, au kusakinisha upya.

Dawa yake ni kuvitenganisha vitu viwili hivi tangu mwanzo. Kusakinisha programu kuwe hatua moja. Kuipa seva anwani kuwe hatua ya pili inayojitegemea, inayoweza kurudiwa wakati wowote kutoka kwenye menyu yenye jina linaloeleweka, kwa mfano "Seva imehamia mahali papya". Programu iiandike anwani mahali pamoja tu, na sehemu nyingine zote zisome hapo. Na kila seva inapowashwa, ijiulize yenyewe: lango nililolizoea bado lipo? Kama halipo, iseme kwenye kioo kwamba inaonekana imehama, na ipendekeze kutafuta mtandao upya.

Waandishi wa programu wafikirie pia hali ya kukosa namba kabisa. Rauta za MikroTik, zinazotumiwa na watoa huduma wengi wadogo, zina programu ya Winbox inayoweza kuifikia rauta kwa namba ya kadi yake ya mtandao hata kama haina anwani ya IP. Fundi aliyeharibu mipangilio bado ana njia ya kurudi ndani. Kila seva inayopelekwa mbali inastahili mlango wa dharura wa aina hiyo, hata kama ni kitufe kimoja tu kinachorudisha mipangilio ya mtandao ya mwanzo bila kugusa data za watu.

Panapobidi kuuliza

Siku nyingine mtandao hauna DHCP, au mkuu wa TEHAMA wa taasisi anatoa namba zake mwenyewe. Hapo lazima kuuliza, na utaratibu wa kuuliza una uzito. Anwani iulizwe kwanza, kwa sababu ndiyo inayotoa majibu ya mengine. Mtu akiandika 192.168.0.50, kisakinishi kiweke chenyewe maski ya 255.255.255.0 na lango la 192.168.0.1 kama makisio, kwa rangi hafifu inayoonyesha kwamba yanaweza kubadilishwa. Makisio hayo yatakuwa sahihi katika mitandao mingi midogo, na yakikosea, mtu anasahihisha kisanduku kimoja badala ya kujaza viwili.

Maneno ya kisanduku nayo yapimwe. Kisakinishi cha Ubuntu kwa ajili ya seva kinauliza sabneti kwanza, iandikwe kwa mkwaju, kama 192.168.0.0/24. Mhandisi wa mitandao anaifurahia. Mtu mwingine anaandika anwani ya seva yake pale, 192.168.0.50/24, na anakataliwa. Kimantiki mashine ina haki, lakini kutoka kwenye alichoandika ilikuwa inaweza kuutambua mtaa na nyumba vyote viwili. Kisakinishi kizuri kinapokea maandishi ya namna zote mbili, kinaonyesha kilivyoelewa, kinasonga mbele.

Kisanduku kiwe kimoja, kisigawanywe vinne. Vinne vinapendeza machoni lakini vinamzuia mtu kubandika namba aliyotumiwa kwa WhatsApp. Nafasi zilizobaki mwanzoni au mwishoni ziondolewe kimyakimya. Mtu akiweka mkato mahali pa nukta, aelezwe na apewe namba iliyorekebishwa ili aikubali.

Sifuri za mbele zinahitaji tahadhari ya pekee. Mtu anayependa mpangilio anaweza kuandika 192.168.010.020 ili namba zote ziwe na tarakimu tatu. Mifumo mingi ya kale huisoma namba inayoanza na sifuri kwa hesabu ya msingi wa nane, na hapo 010 inageuka 8 na 020 inageuka 16. Seva inakwenda kuishi 192.168.8.16, mtaa mwingine kabisa, na hakuna aliyeona kosa. Mwaka 2021 ilibainika kwamba hata maktaba ya lugha ya Python inayoshughulikia anwani ilikuwa ikizisoma sifuri hizo tofauti na sehemu nyingine za mfumo, na hiyo ikatambuliwa rasmi kama tatizo la usalama. Kuanzia toleo la 3.9.5 maktaba hiyo inazikataa. Kisakinishi nacho kizikatae, lakini kwa kumwonyesha mtu njia: "Umeandika 010. Ulikusudia 10?"

Kisha kuna simu. Msaada wa mifumo ya vijijini hutolewa kwa sauti, kwenye laini inayokatika upepo ukivuma. Mmoja anasema "mia moja tisini na mbili", mwingine "moja tisa mbili", mmoja anasema "nukta", mwingine "doti". Namba ndefu inapotea njiani. RACHEL, maktaba ya masomo isiyohitaji intaneti iliyotengenezwa na World Possible, katika toleo lake la kompyuta ndogo ya Raspberry Pi ilichagua anwani ya 10.10.10.10. Inatamkwa "kumi, mara nne", na hakuna laini mbovu inayoweza kuiharibu. Seva inayounda mtandao wake yenyewe ichaguliwe namba inayosemeka vivyo hivyo.

Makosa yakamatwe ukurasa huohuo

Hakuna kinachochosha kama kujaza fomu, kusubiri dakika ishirini, kisha kuambiwa mwishoni kwamba namba ya mwanzo haikuwa sahihi. Kila kinachoweza kupimwa kipimwe mtu akiwa bado anakitazama. Vipimo vyenyewe ni vichache. Kila namba kati ya zile nne iwe kati ya 0 na 255. Anwani ya seva isiwe namba ya kwanza kabisa ya mtaa wala ya mwisho, kwa sababu mbili hizo zimetengwa kwa kazi maalumu. Isifanane na lango. Lango liwe katika mtaa mmoja na seva. Debian hulikamata kosa la lango lililo mtaa mwingine na kumtaka mtu aangalie upya. Namba isiwe inatumiwa na mashine nyingine. Mwisho, lango liitike linapoitwa.

Kipimo hicho cha mwisho kitoe onyo tu, kisizuie. Rauta inaweza kuwa imezimwa, au umeme umekatika nusu ya jengo. Mtu apewe kitufe cha "Najua, endelea".

Mgongano wa mitaa nao upimwe. Kanuni ya mwaka 1996 ilitenga makundi matatu ya anwani kwa mitandao ya ndani: yanayoanza na 10, yale ya 172.16 hadi 172.31, na yale ya 192.168. Nafasi ni kubwa, lakini watengenezaji wa rauta wamejazana kona moja. Vifaa vingi vya TP-Link hutoka kiwandani vikiwa 192.168.0.1, vile vidogo vya Huawei vya laini ya simu 192.168.8.1, MikroTik 192.168.88.1. Seva yenye milango miwili ya mtandao, mmoja wa kupokea intaneti na mwingine wa kugawa kwa wanafunzi, ikijikuta pande zote mbili ni mtaa wa 192.168.8, haitajua imtume nani wapi. Kwa hiyo kisakinishi kitazame kwanza upande wa intaneti, kisha kichague mtaa tofauti kwa upande wa ndani.

Lugha ya ujumbe wa kosa ni nusu ya suluhisho. "Anwani batili" haimsaidii mtu. "Lango 192.168.1.1 haliko mtaa mmoja na seva 192.168.0.50. Linganisha namba tatu za mwanzo" inamsaidia, kwa sababu inataja kilichoandikwa, inaeleza tatizo, inaonyesha pa kutazama.

Kiswahili kina uwezo huo na kimeshauthibitisha. Mwezi Desemba 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na washirika wake wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, programu kamili za ofisi kwa Kiswahili. Kolibri, jukwaa la masomo linalofanya kazi bila intaneti, nalo linapatikana kwa Kiswahili. Mwandishi wa kisakinishi aanze na istilahi ambazo Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na kazi kama hizo zimeshazoesha watu. Pale ambapo mafundi wote wanasema rauta, aandike rauta. Neno jipya zuri likitumika, likae jirani na lile la mtaani angalau mara ya kwanza, na vifupisho kama IP, DHCP na DNS vibaki vilivyo, kwa sababu ndivyo vilivyoandikwa mgongoni mwa kifaa na ndivyo fundi atakavyovitafuta.

Jina kuliko namba

Watumiaji wa mwisho, yaani wanafunzi na wauguzi, hawapaswi kukariri namba yoyote. Internet-in-a-Box, seva nyingine ya masomo ya nje ya mtandao, inafunguliwa kwa kuandika http://box kwenye kivinjari. Neno moja fupi linatosha, na mtoto wa darasa la tano analiandika bila kukosea. Seva inayosimamia mtandao wake yenyewe inaweza kujipa jina kama hilo kwa sababu DNS iko mikononi mwake. Ile inayokaa nyuma ya rauta ya mtu mwingine inaweza kutumia utaratibu wa majina yanayoishia na .local, uliowekwa rasmi mwaka 2013. Simu za zamani za Android haziyatambui majina hayo, basi jina liandikwe pamoja na namba, na pembeni iwekwe alama ya QR ya kupiga picha.

Ukurasa wa mwisho wa usakinishaji ndio unaodanganya watu wengi. Unasema programu iko tayari kwenye http://localhost. Fundi anabonyeza, inafunguka, anashukuru. Anahamia kompyuta ya pili, anaandika yaleyale, hakuna kitu, kwa sababu neno hilo kwa kila kompyuta lina maana ya "mimi mwenyewe". Kolibri inapowashwa kwa amri huorodhesha anwani zote ambazo inapatikana, ya ndani ya mashine na za mtandaoni. Mfano huo ufuatwe, na anwani ya mtandaoni ndiyo itangulie kwa herufi kubwa. Swali la kiufundi la programu isikilize wapi nalo liulizwe kwa maneno ya kawaida: "Nani aweze kuufungua mfumo huu: kompyuta hii tu, au kompyuta zote za jengo hili?" Jibu likiwa la pili, kisakinishi kifungue chenyewe njia kwenye ukuta wa ulinzi wa mfumo endeshi, na kisifungue zaidi ya hapo.

Kuhusu toleo la sita la anwani, lenye biti 128, ushauri ni mfupi. Programu izipokee anwani hizo kila mahali inapopokea za toleo la nne, iziruhusu zijipange zenyewe, na isimlazimishe mtu wa kijijini kuziandika kwa mkono.

Jaribio kabla ya safari

Kisakinishi kisipelekwe mlimani kabla ya kuonjwa mezani. Kijaribiwe kebo ikiwa imechomolewa. Kijaribiwe na rauta isiyo na intaneti, na rauta mbili za mtaa mmoja, na umeme uliokatwa katikati ya ukurasa wa anwani ili kuonekana kama majibu yaliyojazwa yamehifadhiwa. Kisha seva ihamishwe kutoka mtandao mmoja hadi mwingine bila kuguswa, kama itakavyohama kutoka Lushoto kwenda Rangwi. Baada ya hapo aitwe mtu asiye fundi, mwalimu au karani wa duka la dawa, apewe kazi yote aifanye mwenyewe. Mwandishi wa programu akae nyuma, afunge mdomo, aandike kila mahali ambapo mkono wa mtu huyo unasita. Kila kusita ni ukurasa wa kurekebishwa.

Na mambo yote yakishakaa sawa, kisakinishi kitoe ukurasa mmoja wa kuchapa: jina la seva, anwani yake, maski, lango, DNS, namba ya kadi ya mtandao, tarehe ya kuwekwa, na hatua tatu za kufuata ikiwa haionekani. Pasipo na printa, kitoe muhtasari mfupi unaoweza kunakiliwa kwa kalamu. Fundi aubandike ukurasa huo kwa gundi ya karatasi ndani ya mlango wa kabati la seva, na nakala moja aiache kwenye faili la ofisi ya mwalimu mkuu, ili atakayepanda mlima mwaka ujao, hata kama si yeye, azikute namba zote mahali pake.